Kilomita ya Hamsini na Nne, Nguzo ya Tisa

Kila nisikiapo historia ya reli yetu ikisimuliwa redioni, mkono wangu huenda kwenye kitufe cha kuzimia. Wasimuliaji huanza na Wajerumani, wakafuata Waingereza, kisha Uhuru, kisha Jumuiya iliyovunjika, kisha shirika letu wenyewe, kisha mwekezaji, na mwisho treni ya umeme inayokufikisha Morogoro kabla hujamaliza kusoma gazeti. Wanataja magavana, mawaziri na wahandisi. Sijamsikia hata mmoja akimtaja mtu aliyeamka alfajiri kila siku, nyundo begani na spana mkononi, kwenda kukaza bolti ili hao wote wapite salama. Mtu huyo ni baba yangu. Kwa hiyo nina haki yangu ya kukasirika, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Kibaha. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye mafaili. Najua jinsi kitu kinavyokuwepo kwa sababu kimeandikwa, na jinsi kitu kilichopo kinavyotoweka kwa sababu karatasi yake haionekani. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba historia hiyo tamu ya redioni ingeweza kunipotezea mama, tena mama aliyekwisha kufa siku nyingi.

Nimezaliwa na kukulia genge. Siku hizi ukisema genge, watu wanafikiria mahali pa kuuzia nyanya na vitunguu, au kundi la wahuni. Kwetu sisi, genge lilikuwa kikosi cha wafanyakazi waliotunza kipande chao cha reli, na pia zile nyumba walimoishi. La kwetu lilikuwa kati ya Soga na Ruvu. Zilikuwa nyumba sita za mawe zilizopangwa mstari mmoja, milango yote ikitazama reli. Maji tuliletewa na treni kwenye behewa la tangi. Baba alikuwa mnyapara wa genge. Alikuwa mtu wa Kigoma, mrefu, mkimya, na alikiamini kitabu cha kanuni za reli karibu sawa na Biblia. Vyote viwili alivilaza juu ya kabati moja.

Watu wa reli walikuwa na namna yao ya kutaja mahali. Hawakusema kule kwenye kichuguu wala pale mtoni. Walitaja kilomita na nguzo. Kando ya reli palikuwa na nguzo za simu, na kila kilomita moja ilipoanza, nguzo nazo zilihesabiwa upya kuanzia moja. Kwa hiyo mbuzi akipotea, jirani alikuja kusema, "Mbuzi wenu nimemwona hamsini na tatu, nguzo ya kumi na tano," na mtoto wa miaka saba alikwenda kumchukua bila kuuliza swali. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa njiani mama akielekea zahanati ya Soga, na mpaka leo tunamtania kwamba ni mtoto wa nguzo ya nne. Hatukuwa na mtaa wala nambari ya nyumba, lakini hatukupotea hata siku moja.

Tulikuwa na desturi nyingine pia. Wengi wetu tulikuwa watu wa bara, wa Kigoma, Tabora na Dodoma. Mtu wa genge akifa, hakuzikwa pale porini. Jeneza lilipandishwa kwenye behewa la gadi, lile la mwisho, treni ya kwenda bara ikampeleka kwao, na kila genge alilopita wafanyakazi walisimama kando ya reli, wamevua kofia. Mama aliwahi kuniambia kwamba hilo ndilo jambo moja lililomfanya asiogope kuishi mbali na kwao. Alisema hata mambo yakiharibika, treni itamrudisha.

Mambo yaliharibika wakati wa masika, nikiwa na miaka tisa. Mto Ruvu ulifurika ukala tuta, reli ikabaki inaning'inia hewani. Karibu wanaume wote wa genge walipelekwa huko na wakalala huko huko kwa siku kadhaa. Treni ya abiria ilikuwa imekwama upande wa pili. Ndipo mama akashikwa na homa. Barabara ya kutokea Morogoro Road ilikuwa tope la kiunoni. Alikufa siku ya tatu, asubuhi, akiuliza kama treni imepita.

Mwanamume aliyebaki genge alikuwa mmoja tu, wa kulinda vifaa. Yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kijana wakati huo, na sisi watoto tulimwita baba mdogo. Ndiye aliyechimba kaburi, akisaidiwa na wanawake wawili, kwenye nyasi upande wa kaskazini wa reli. Baba aliletwa kwa toroli ya kusukuma, ile inayopita juu ya reli, matope yamemjaa mpaka kifuani. Alisimama, akasikiliza sala, akatupa udongo, akatushika vichwa mmoja mmoja. Kisha akapanda toroli ile ile akarudi Ruvu, kwa sababu abiria walikuwa wanasubiri.

Nilimchukia siku ile. Naliandika wazi kwa sababu nimechoka kulificha. Niliichukia na reli, na wale abiria waliokuwa wakingoja wapitishwe, ambao bila shaka walifika walikokwenda wakilalamika kuhusu kuchelewa.

Maji yalipopungua, baba mdogo alimshauri baba wachomeke kipande cha reli kuukuu kichwani mwa kaburi, kwa sababu vipande vilikuwepo vimelala nyasini vinaota kutu. Baba alikataa. "Ile ni mali ya umma," alisema. Mwenzao mwingine akasema basi tupige sementi kidogo. Baba akakataa tena. Kitabu kilisema hakuna ujenzi wowote ndani ya hifadhi ya reli, na kaburi la sementi ni ujenzi. Akaweka msalaba wa mbao. Mchwa wakaula mwaka uliofuata, akaweka mwingine, na huo ukaunguzwa na moto wa nyasi. Mwishowe akaacha. Alichukua kalamu akaandika kwenye jalada la ndani la Biblia yake: 54, nguzo 9, hatua ishirini kaskazini.

"Haiwezekani mtu apotee na nguzo ipo," alituambia.

Kila Novemba tulikwenda kupalilia. Baba alistaafu, tukahamia Mbwawa, akajenga nyumba ndogo, tukaendelea kwenda. Baadaye miguu yake ikaanza kumsumbua, mimi nikawa na watoto, na kazi, na visingizio. Mwaka mmoja ukapita bila kwenda, kisha miwili, kisha nikaacha kuhesabu. Hilo ni kosa langu na simsingizii mtu. Lakini nilikuwa na amani, kwa sababu anuani ilikuwa ndani ya Biblia.

Sasa nisimulie historia ya reli kama tulivyoiona sisi tulioishi kando yake. Baba aliajiriwa wakati reli ni ya nchi tatu na umbali unahesabiwa kwa maili. Maili zikageuzwa kilomita, na wanyapara wakakariri upya vipande vyao vyote. Jumuiya ikavunjika, tukawa na shirika letu, tukashangilia. Baada ya muda bolti zikawa hazipatikani, na nilimwona baba akiokota bolti zilizotupwa, akizisafisha kwa mafuta ya taa, na kuzirudisha kazini. Akaja mwekezaji, magenge yakapunguzwa watu, nyumba za mawe zikabaki tupu, na mabati yake yakaondoka usiku usiojulikana. Kisha wakaja watu wa vyuma chakavu. Walianza na nyaya za simu. Walipomaliza nyaya, wakaona nguzo zenyewe ni za chuma. Walipomaliza nguzo, wakaingia kwenye mataruma, yale mabamba mazito yanayolala chini ya reli kuishikilia. Baba yangu, aliyekataa kuchukua kipande kimoja cha reli kwa ajili ya kaburi la mke wake, aliishi mpaka akasikia kwamba nguzo ya tisa imepimwa kwenye mzani na kuuzwa kwa kilo.

Nilipomwambia, alisema, "Watakuwa wameandikiwa kibali." Aliamini hivyo kweli. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Miaka michache iliyopita, wakati reli mpya inajengwa, baba alitoka kanisani akiwa amechangamka kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Muumini mwenzake, mwenye duka pale Kwa Mathias, alikuwa amemwambia kwamba makaburi yote yaliyo ndani ya njia mpya yanahamishwa, kwa sala na kwa heshima, mkandarasi akigharamia kila kitu. Baba alikwisha kuamua. "Shirika halijamsahau mama yenu," aliniambia. "Andaa barua. Wewe ndiye unajua kuandika barua."

Tulikwenda ofisi ya mradi. Baba alivaa koti lake la kustaafia. Afisa aliyetupokea alikuwa dada wa makamo, mstaarabu, mwenye daftari kubwa. Alimwamkia baba vizuri, akatupa viti, akapitia orodha ukurasa kwa ukurasa.

"Marehemu huyu hayumo, mzee wangu. Kaburi lina alama gani?"

"Kilomita hamsini na nne, nguzo ya tisa, hatua ishirini kaskazini," baba alisema, kama anayesoma amri ya kazi.

Dada yule alinitazama mimi. "Nguzo zipi, mama?"

"Za simu."

"Hazipo."

"Najua hazipo. Zilikuwepo."

"Na kilomita za nani? Za reli ya zamani kabla ya ukarabati, za baada ya ukarabati, au za reli mpya? Maana vibao vya zamani viling'olewa vikapimwa upya, na reli mpya ina hesabu yake." Akashusha sauti. "Mama, sisi tulihesabu makaburi yanayoonekana. Yaliyojengewa. Tuliyapiga rangi nyekundu, ndugu wakajitokeza. La kwenu halionekani."

Nilisimama. Nilimuuliza kama anaelewa anachokisema. Waliovunja kanuni wakajenga makaburi ya sementi na vigae ndani ya hifadhi ya reli wamehesabiwa, wamesaliwa, wamehamishwa kwa heshima. Huyu aliyetii kanuni miaka yote, aliyeitunza hiyo hifadhi kwa mikono yake, ndiye anaambiwa mke wake haonekani! Nilisema mengi, na mengine sikupaswa kuyasema. Watu wa chumba cha pili walikuja kuchungulia. Baba alinivuta nguo.

"Usimkaripie mwenzio," alisema. "Anafuata kitabu."

Laiti angejua jinsi neno hilo lilivyonichoma.

Dada yule hakunikasirikia, namshukuru kwa hilo. Alisema tuta lingefika eneo lile baada ya wiki mbili. Tukipata shahidi wa mazishi na tukionyesha mahali penyewe, bila kubahatisha, angeita watu wa kuhamisha. Baada ya hapo kingemwagwa kifusi, na juu ya kifusi kingepita kila kitu, na asingekuwa na namna ya kutusaidia. Wiki mbili tukapewa za kumtafuta mama.

Siku tatu mfululizo tulikwenda. Mtu aliyetembea kipande kile kila siku kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, nilimwona akizunguka na fimbo kama mgeni. Nyasi zilikuwa zimempita kimo. Siku ya kwanza alinionyesha mahali akasema ni hapa. Siku ya pili akasema hapana, ni mbele zaidi. Siku ya tatu alisimama katikati ya reli ya zamani, akatazama huku na huku akitafuta nguzo kwa macho, kisha akakaa juu ya reli. Nami badala ya kumwonea huruma nikampigia kelele.

"Tofali moja, baba! Ungeweka tofali moja tu!"

Alikuwa anatazama viatu vyake.

Usiku ule sikulala, na kulipokucha niliomba ruhusa kazini, nikaipata baada ya siku nne, nikaenda Kisarawe. Shahidi pekee aliyebaki hai alikuwa yule baba mdogo aliyechimba kaburi. Nilishuka Kibamba, nikachukua bodaboda ya njia ya ndani mpaka Kisarawe mjini, nikaulizia nyumba ya mstaafu wa reli. Nilimkuta kibarazani anamenya mihogo kwa kupapasa, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Nilimwamkia, akaijua sauti yangu kabla sijajitaja.

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya mama yako hiyo. Mnyapara hajambo?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisu kimesimama kwenye muhogo.

"Nguzo!" alisema mwishowe, akacheka bila furaha. "Baba yako na nguzo zake. Nguzo ile ilikuwa ya waya, mwanangu, na waya wa serikali. Mie nilikuwa nazika mtu. Sikupima na nguzo."

"Ulipima na nini?"

"Kalavati. Lile la mawe, la Wajerumani. Toka ukingo wake uende upande wa Ruvu, hatua mia na kumi, hatua zangu za ujanani. Kisha uingie kaskazini."

Nilikijua hicho kivuko cha maji cha mawe chini ya reli. Watoto tulikuwa tunajificha humo mvua ikitukuta. Husemwa ni cha Wajerumani, ingawa hakuna Mjerumani aliyebeba hata jiwe lake moja. Waliobeba walikuwa watu wa huku huku, kwa viboko, na wao pia hawamo kwenye historia ya redioni.

Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono.

"Kuna jambo jingine. Usimwambie mnyapara, atanigombeza na uzee huu. Alipokataa kile kipande cha reli, mie nilikwenda jioni nikafukia taruma la chuma. Kichwani mwake, kina cha mkono mzima. Nilisema, ikiwa juu hapatakiwi kuonekana kitu, basi kiwe chini."

Nililia pale kibarazani kwake. Yeye aliendelea kushika mkono wangu, akasema nichukue mihogo.

Kulikuwa na siku tano zaidi mbele yetu, kwa hesabu ya ofisi. Asubuhi iliyofuata nilimpakia baba kwenye bajaji mpaka mwisho wa njia, tukatembea. Tulipotokea kwenye reli, nilidhani nimepotea. Nyasi hazikuwepo. Mkandarasi alikuwa amewahi ratiba, na magazeti bila shaka yalimsifu kwa hilo. Greda lilikuwa limepita upande wote wa kaskazini, kifusi chekundu kimemwagwa na kusawazishwa kuwa barabara ya kupitia mitambo, pana na laini kuanzia upeo huu hadi upeo ule. Kalavati la mawe tu ndilo lililobaki nikalitambua.

Nilihesabu hatua mia na kumi. Lakini hatua za nani? Za kijana mrefu wa wakati ule, si zangu. Nilisimama juu ya udongo mwekundu usio na alama yoyote, mama yangu yuko mahali fulani chini ya miguu yangu au hayupo, na nikatukana. Nilimtukana mkandarasi, nikalitukana shirika, nikaitukana serikali inayonilipa mshahara. Kisha nikakaa chini.

Baba hakukaa. Alipiga magoti taratibu, akishikilia fimbo, akalaza shavu lake karibu na ardhi na kufumba jicho moja. Niliitambua ile namna. Ndivyo alivyokuwa akiitazama reli kila asubuhi, kuona kama imelala sawa au imebonyea mahali. Alitazama upande mmoja, akageuka akatazama wa pili. Akainuka, akaenda mbele kama hatua kumi na tano, akapiga tena magoti. Akaweka kiganja chini.

"Hapa pametitia," alisema.

Mimi sikuona kitu. Alinishika mkono akaupitisha juu ya kifusi, nikahisi: bonde dogo, kina cha kidole, refu kuliko upana wake. Alinieleza kwa sauti ya kazi kwamba ardhi iliyowahi kuchimbwa haishiki kama ile isiyochimbwa. Ukiimwagia uzito, inashuka. Alikuwa ameyasawazisha mabonde ya namna ile maisha yake yote, maana treni haipendi bonde. Alipima urefu wake kwa fimbo.

Kijana mmoja aliyevaa kofia ngumu alikuja akitembea haraka. Alikuwa mhandisi wa kipande kile.

"Shikamoo mzee. Samahani, hapa si pa kukaa. Hilo bonde tumeliona jana, tunalishindilia sasa hivi. Rola hilo linakuja."

Lilikuwa linakuja kweli, lile dude lenye gurudumu la chuma, polepole, likitetemesha ardhi mpaka kwenye meno.

Nilianza kumweleza yule kijana, nikachanganya maneno, ofisi, orodha, Kisarawe, kalavati. Aliniambia niende nikazungumze ofisini. Wakati huo baba alikuwa ameshainuka. Alikwenda akasimama katikati ya lile bonde, akauinua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, kama alivyokuwa akifanya reli ikiwa mbovu na treni inakuja.

"Simamisha kazi!" alisema.

Sikuwa nimeisikia sauti ile toka nikiwa mtoto. Hakuwa na cheo chochote pale. Alikuwa mzee wa koti lililochakaa akiiamuru reli isimame, yeye ambaye hakuwahi kuikatalia reli jambo lolote. Dereva wa rola alizima mashine. Aliteremka, akavua kofia yake, na wala hakuna aliyekuwa amemwambia ni kaburi.

Baba alikaa pale pale chini. Mhandisi alimbembeleza, akapiga simu, akarudi kumbembeleza. Baba alimwambia, "Mwanangu, fanya kazi yako. Mimi siondoki." Nilimfunika na kanga kichwani kwa sababu jua lilikuwa limepanda. Tulikaa mpaka alasiri. Ndipo likaja gari lenye yule dada wa ofisini, mtendaji wa kata, na katekista waliyempitia njiani.

Dada yule alitazama bonde, akanitazama. "Mama, nakuelewa, lakini naandika nini? Kwamba udongo umetitia?"

"Andika kwamba mkichimba upande huu, kina cha mkono, mtakuta taruma la chuma," nilisema.

Baba aligeuka. "Taruma gani?"

Katekista alisali, vijana wawili wakachukua majembe. Walichimba wakaondoa kifusi chekundu, wakafika kwenye udongo wa asili, mweusi. Hawakwenda mbali. Jembe liligonga chuma, mlio ambao mtoto yeyote wa genge anaujua. Walifukua kwa mikono. Lilikuwa limeliwa na kutu pembeni, lakini lilikuwa taruma, na upana wake ulitazama kichwani mwa mama yangu.

Baba alilitazama kwa muda mrefu sana. Nilijiandaa kusikia habari za mali ya umma. Aliinama akalishika, akalifuta udongo kwa mkono wa koti lake.

"Kumbe aliniasi," alisema. Kisha machozi yakamtoka, ya kwanza niliyoyaona kwake. "Afadhali aliniasi. Mimi nilimlaza mwenzangu bila kitu miaka yote hii, nikaona ndiyo uaminifu. Nisamehe, mama."

Hakuwa anasema na marehemu. Alikuwa ananiambia mimi. Ndivyo alivyoniita nilipokuwa mdogo, kabla ya ile toroli.

Mama alihamishwa baada ya siku mbili, ndani ya sanduku jipya, na dada wa ofisini alikuja mwenyewe na akasimama mpaka mwisho. Tulimzika nyumbani kwetu Mbwawa. Mkandarasi alituma fundi wa kujengea, na fundi akachagua kona ya kiwanja karibu na ua, mahali ambapo pasingemsumbua mtu. Baba alikataa kona. Alikwenda na fimbo yake akachora mstari katikati ya kiwanja, kati ya lango na mlango wa nyumba, akasema kaburi litakaa pale. Fundi alimwambia gari halitapita. Mimi nilimwambia itakuwa kero wakati wa mvua. Majirani walicheka, wakauliza tunajenga kaburi au ukumbi. Baba alisimamia mfuko kwa mfuko, akaongeza ngazi mbili, akaongeza vigae, mpaka likawa kubwa na, niseme ukweli, baya la kutazama.

Mwaka jana, treni mpya ikiwa imeshaanza kubeba watu, yule mhandisi kijana alikuja kutusalimia. Alikuwa amepanda cheo na ana gari refu la kazi. Lango lilikuwa wazi. Aliingia, akafika kwenye kaburi, akasimama, akatazama kushoto na kulia, akapiga honi kidogo, kwa adabu, akimwonyesha baba kwa mkono kwamba hana pa kupita.

Baba alikuwa kibarazani. Alimwona vizuri, na wala hakuinuka.

"Zunguka," alimwambia.